Mke Mjamzito Anapotaka Kuacha Sigara



Leo tuzungumze jambo ambalo katika jumuiya zetu ndogondogo halitajwi, kwa kuwa linaonekana ni la aibu. Ni sigara ya mama. Sigara ya baba tumeizoea. Ataivuta nje ya lango la kanisa kabla Misa haijaanza, na hakuna atakayegeuza shingo kumtazama. Lakini mama akionekana na sigara kidoleni, tena tumbo limeshajitokeza, mtaa mzima utapata la kusema. Basi mama hujificha. Na jambo linalofichwa kati ya mume na mke halikai peke yake, huzaa mengine.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya hapa Mikindani. Baba ni dereva wa trela. Hutoka bandarini na kontena, akaenda hadi Malaba, na akirudi hupumzika siku mbili tatu. Mama kabla ya kuolewa alifanya kazi ya baa, na katika zile zamu za usiku ndipo alipojifunza kuvuta. Walipokaribia kufunga ndoa aliahidi kuacha, na kweli aliacha. Kisha ikarudi kidogokidogo: moja asubuhi bafuni, moja jioni nyuma ya nyumba akienda kuanua nguo. Sasa ana mimba ya miezi minne. Dada yake aliyeko Uingereza akamwambia kwenye simu kwamba huko wapo wajawazito wanaoachia sigara kwa ile sigara ya umeme, hii ambayo vijana wetu huiita vepu. Mama akapanda matatu hadi mjini, akanunua moja. Baba akaikuta mkobani. Hakuuliza ni kitu gani, aliuliza amepewa na nani. Tangu siku hiyo wamelala wakipeana mgongo, na baba kila anapozidiwa na hasira hutoka barazani akawasha sigara.

Umecheka? Usicheke. Nyumba za namna hii ziko nyingi kuliko tunavyodhani, na ndani yake yumo mtu wa tatu asiyeweza kusema neno.

Tuanze na huyo wa tatu. Kila mtu hapa kwetu anajua hatari ya kulala na jiko la makaa chumbani huku mlango umefungwa. Kuna hewa inayotoka katika yale makaa, isiyo na rangi wala harufu, jina lake kaboni monoksidi, nayo hukaa katika damu mahali pa oksijeni. Familia nzima yaweza kulala isiamke. Sasa elewa, mama, kwamba hewa hiyo hiyo imo katika moshi wa sigara, kwa kiasi kidogo lakini kila siku. Inaingia kwenye damu yako, inapita kwenye kondo la nyuma, inamfikia mtoto. Anapata oksijeni pungufu. Ndiyo maana watoto wa mama wanaovuta huzaliwa wadogo zaidi, wengine wakiwa chini ya kilo 2.5, wengine wakiwa njiti, na wako wanaofia tumboni. Hata baada ya kuzaliwa, hatari ya kichanga kufa ghafla usingizini huwa kubwa zaidi. Hatusemi haya ili kukutisha. Tunayasema kwa sababu wako mama wanaoambiwa na mashoga zao kwamba mtoto mdogo ni heri, kuzaa kutakuwa rahisi. Huo ni ushauri mbaya sana.

Nayo vepu? Ni kidude chenye betri na maji yenye nikotini ndani yake. Betri huyapasha moto yale maji, yakatoka kama mvuke, mtu akavuta. Hakuna kinachoungua. Kwa hiyo ile hewa ya jiko la makaa haimo, wala ile lami nyeusi inayoganda kwenye mapafu. Kwa upande huo, yule dada wa Uingereza hakumdanganya nduguye. Lakini nikotini imo, na nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji kamba. Inapita kwa mtoto vilevile, na wataalamu wanahofia yale inayoweza kufanya katika ubongo na mapafu yanayoanza kuumbika. Vilevile, yale manukato ya embe na peremende yanayotiwa humo hayakuwahi kupimwa kwa miaka mingi katika mapafu ya mtu yeyote, sembuse mjamzito.

Kuhusu wajawazito wenyewe kuna utafiti mkubwa ambao ni vema mwufahamu, kwa sababu habari zake huwafikia watu zikiwa nusunusu. Ulifanywa katika hospitali 23 za Uingereza na kituo kimoja cha Scotland, ukiongozwa na Profesa Peter Hajek wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, na ulichapishwa mwaka 2022. Wajawazito 1,140, wote wavutaji waliotaka kuacha, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa sigara za umeme, la pili vibandiko vya nikotini vinavyobandikwa kwenye ngozi. Mwisho wa ujauzito, walioacha kabisa na kuthibitishwa kwa vipimo walikuwa asilimia 6.8 upande wa sigara za umeme, na asilimia 4.4 upande wa vibandiko. Tofauti hiyo ni ndogo, ingeweza kuwa ya bahati tu. Walipowaondoa katika hesabu wale walioacha sigara kwa kutumia kifaa ambacho si cha kundi lao, vepu zilionekana kusaidia zaidi. Madhara kwa mama na mtoto yalikaribiana pande zote mbili, isipokuwa kwamba watoto wenye uzito chini ya kilo 2.5 walikuwa asilimia 9.6 kwa kundi la vepu na 14.8 kwa kundi la vibandiko.

Wako watakaosoma hapo na kusema, basi, vepu imeshinda. Hebu rudi kwenye ile hesabu ya kwanza. Kati ya kila mama 100 waliopewa kifaa, tena katika nchi yenye wakunga wa kutosha na simu za kuwafuatilia, zaidi ya 90 hawakufika mwisho wa ujauzito wakiwa wameacha kwa kipimo kile. Tisini na zaidi! Chombo hakikuwafanyia kazi yao. Mtu anayedhani atanunua kidude mjini na shida itakwisha kama mtu anayenunua dawa ya minyoo, huyo hajaijua sigara.

Wakubwa wa afya nao hawasemi kwa sauti moja. Kule Uingereza mama hushauriwa kwanza vibandiko au chingamu ya nikotini, lakini akisema vepu ndiyo inayomzuia asirudi kwenye sigara, hakatazwi, kwa sababu kuvuta sigara ni kubaya zaidi. Shirika la Afya Duniani halikubali vepu ziwe njia ya kuacha sigara, na mnamo Desemba 2023 lilizihimiza serikali zichukue hatua za haraka kuzidhibiti, hasa kwa ajili ya watoto na vijana. Jirani zetu wa Uganda walizipiga marufuku kwa sheria yao ya mwaka 2015. Kwetu zinauzwa. Na hapo ndipo penye tofauti kati ya dada wa Uingereza na mama wa Mikindani. Kule sheria hairuhusu maji yenye zaidi ya miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja, ilhali ziko duniani vepu zenye miligramu 50. Wewe unayenunua kwa kijana mwenye kabati la vioo kando ya barabara utajuaje umeuziwa ipi? Yeye mwenyewe hajui. Anajua rangi na ladha.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Lililo bora kwa mama mjamzito ni kuacha yote, sigara na vepu, na aanze leo, kwa maana mtoto hufaidika hata mama akiacha mimba ikiwa imekua. Akishindwa kwa nguvu zake, aende kliniki aulizie vibandiko au chingamu ya nikotini chini ya uangalizi wa daktari. Dawa hizo ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, ingawa huku kwetu si kila duka la dawa linazo, na bei yake si rafiki. Na yule ambaye tayari ameshaacha sigara kwa vepu, hana vibandiko, na anajua akiitupa leo kesho atarudi kibandani? Huyo asiitupe kwa pupa ili kumridhisha mavyaa. Aende nayo kliniki aionyeshe, apangiwe namna ya kuipunguza. Linalofaa kuogopwa kuliko yote ni kuchanganya, vepu nyumbani na sigara nje, kwa maana hapo mtoto anapata sumu za pande zote mbili. Na mama ambaye hajapata kuvuta, hata mvuke wa embe usimkaribie.

Sasa tugeukie baba, na hapa tutakaa kidogo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu tumbaku ulionyesha kwamba hapa Kenya wanaume wazima wanaovuta walikuwa asilimia 15.1, na wanawake asilimia 0.8. Piga hesabu mwenyewe. Moshi unaowafikia watoto wengi walio tumboni mwa mama zao hautoki kinywani mwa mama. Unatoka kwa baba aliyeketi mlangoni. Katika nyumba zetu za vyumba vya kupanga, ukumbi mmoja katikati na mlango mmoja mbele, moshi wa barazani hauulizi njia. Nao moshi wa mtu mwingine humpunguzia mtoto uzito vilevile. Kisha baba huyo huyo anapekua mkoba wa mkewe!

Tena kuna jambo ambalo kila aliyewahi kuacha sigara analijua. Hamu yake, ile ambayo vijana huiita arosto, haiji yenyewe tu. Inaitwa na harufu, na sauti ya kiberiti, na chai ya rangi ya jioni. Mke anayejaribu kuacha katika nyumba ambamo mume anavuta ni kama mtu anayefunga Kwaresima huku mwenzake anakaanga samaki mbele yake. Wataalamu wameona mara nyingi kwamba mama mwenye mume mvutaji huacha kwa shida zaidi, na akishajifungua hurudia upesi zaidi.

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, kuna mume ambaye wanaume wa siku hizi hawamzungumzii sana. Jina lake Manoa. Mkewe alikuwa tasa, akatokewa na malaika akaambiwa atapata mimba, na kwamba kuanzia siku hiyo ajiepushe na divai na kileo chochote kwa ajili ya mtoto. Yule mama hakuficha. Alikwenda moja kwa moja akamweleza mumewe. Naye Manoa hakumwuliza huyo mtu alikuwa nani hata akaongea naye peke yake. Hakumcheka wala hakumwachia mzigo wake. Alimwomba Mungu amrudishe yule mjumbe, awafundishe wote wawili namna ya kumtunza mtoto atakayezaliwa. Tazama, sharti la chakula na kinywaji lilikuwa la mama, lakini baba aliomba wafundishwe wawili. Mtoto yule ndiye Samsoni.

Nguvu ya Sakramenti ya Ndoa hufanya kazi katika mambo ya namna hiyo, madogo na yenye harufu ya moshi. Siku ile mbele ya altare hamkuahidiana kuwa pamoja katika picha tu. Baba, ukitaka mkeo aache, acha naye siku moja, saa moja. Ukishindwa, walau asiione, asiinuse, isiingie ndani. Na ndani ya trela vilevile, kwa maana unarudi na shati lile lile ukamkumbatia.

Kuna utafiti mwingine, wa Glasgow, uliochapishwa mwaka 2015, ambao mimi huupenda kwa sababu ni wa kibinadamu sana. Wajawazito waliahidiwa hati za kununulia vitu madukani, hadi thamani ya pauni 400, endapo wangeacha sigara na kuthibitishwa. Walioacha walikuwa karibu 23 katika kila 100, na wale ambao hawakuahidiwa kitu walikuwa karibu 9. Hakuna kidude humo wala maji ya embe. Ni mtu kuambiwa: tunaiona kazi unayoifanya, na hii hapa zawadi yako. Hatuna pauni 400. Lakini Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10, na bado vibandani kwetu huuzwa moja moja, basi tuhesabu kwa hiyo moja moja. Tuseme ni shilingi 15. Baba anavuta tano kwa siku, hiyo ni shilingi 75. Kwa siku 270 za ujauzito ni shilingi 20,250. Mkebe wa maziwa wenye tundu, pesa zinaingia kila jioni mbele ya mama, na za mama zinaingia humo humo. Hapo mmepata nguo za mtoto, beseni lake, na nauli ya teksi usiku wa uchungu.

Neno kwa mama ambao wamesoma mpaka hapa wakasema, mimi sivuti, haya hayanihusu. Utafiti ule wa 2014 ulionyesha pia kwamba wanawake waliotumia tumbaku isiyo ya moshi walikuwa asilimia 3.8, wengi kuliko wavutaji mara nne na zaidi. Ugoro wa bibi, tumbaku ya kutafuna, kuberi, yote yana nikotini, yote humfikia mtoto. Wako wanaoweka kidogo shavuni ili kuzuia kichefuchefu cha asubuhi. Mwambie mkunga, atakupa njia nyingine.

Tuje kwenye swali ambalo wengi huogopa kuuliza: je, ni dhambi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa, miongoni mwa vitu ambavyo fadhila ya kiasi hutuzuia tusivitumie kupita kiasi. Na afya tumepewa tuitunze, ya kwetu na ya aliye tumboni. Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2017 aliamua Vatikano iache kuuza sigara kuanzia mwaka uliofuata, ingawa biashara hiyo iliingiza faida. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 1735, inafundisha kwamba mazoea na hofu vyaweza kupunguza uzito wa hatia ya mtu. Mama aliyefungwa na nikotini tangu ujanani si sawa na mtu anayemdhuru mtoto kwa makusudi. Aende kwenye kitubio bila woga, aseme, apate nguvu. Asikae na wazo kwamba Mungu atamwadhibu kupitia mtoto. Mungu hafanyi hivyo.

Lakini kuna jambo moja tusilolifunika. Mama yule wa mfano wetu alimficha mumewe, na baba yule alihukumu kabla ya kuuliza. Katika mambo hayo mawili, mimi naona la pili ndilo lililozaa la kwanza. Mke huficha mahali ambapo ukweli hupigiwa kelele. Kwa hiyo baba aanze. Achague jioni ambayo haondoki alfajiri, watoto wamelala, redio imezimwa. Asianze na vepu. Aanze na sigara yake mwenyewe: nimekuwa nikivuta mbele yako na mimba hii, naomba radhi. Akishasema hivyo atanyamaza, hata kama ukimya utakuwa mrefu. Mama naye aseme yote mara moja: zamani zilianzaje, sasa ni ngapi kwa siku, anavutia wapi, saa ipi humshinda. Siyo nusu leo na nusu atakapokamatwa tena. Na habari hiyo isitoke nje ya chumba kwenda kwa wifi wala kwa mavyaa.

Kesho yake nendeni kliniki wawili. Wanaume wa Mikindani huwasindikiza wake zao hadi getini wakabaki nje na bodaboda. Ingia ndani. Mwambieni nesi wazi, na aandike katika kile kijitabu cha Mama na Mtoto, kwa sababu asipojua kuhusu sigara, uzito wa mtoto ukichelewa kupanda atatafuta sababu mahali pengine. Kama vepu ipo, ipelekeni. Nyumbani iwekwe juu, mbali na watoto wengine, kwa kuwa yale maji yakinywewa ni sumu kali.

Hesabuni siku zenyewe kwa ufupi. Siku chache za mwanzo ndizo ngumu, hasira nyingi, usingizi mchache. Baba, usijibizane naye juma hilo. Hamu ikija hukaa dakika chache ikapita. Maji baridi, ukwaju, matembezi hadi mahali ambapo mnaona mikoko ya kijito cha Tudor, au fungu moja la rozari, mkono ukiwa na kitu cha kushika. Akianguka akavuta moja, isihesabiwe kwamba yote yamepotea. Anaanza tena asubuhi ile ile.

Akishajifungua msilegee, kwa maana wengi walioacha wakati wa mimba hurudia katika miezi ya kwanza ya kunyonyesha. Kama mmoja wenu bado anavuta, mtoto asilale kitanda kimoja nanyi. Alale chali kwenye kitanda chake, chumbani mwenu. Na baba akirudi safari, aoge kwanza na kubadili shati, ndipo apewe mtoto.